Kuchagua Kalibu ya Kusubia Risasi za Magnum

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la waliokuwapo.)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya maisha ya ughaibuni. Nilijibu kwamba maisha ya ughaibuni yamekwisha kusimuliwa na kila aliyepanda ndege akarudi na koti zito. Nikaomba ruhusa nizungumzie kitu kimoja kidogo kinachoenea kiganjani, kitu ambacho kilinifundisha uhandisi kuliko vitabu vingi nilivyovibeba. Kitu chenyewe ni kalibu ya kusubia risasi.

Naona Mwalimu Mkuu amekunja uso. Asiwe na wasiwasi. Kalibu sikuja nayo, na vijana wajue tangu sasa kwamba hapa kwetu mtu kujitengenezea risasi bila kibali cha serikali ni kosa la jinai. Huko Marekani ninakokuzungumzia mambo ni mengine: sheria ya shirikisho inamruhusu raia kujitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe, na leseni hutakiwa pale anapotaka kuziuza. Ndiyo maana vijijini huko wapo wazee wengi ambao jioni za baridi huyeyusha na kumimina, kama vile wazee wetu wa pwani wanavyosuka nyavu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiswahili chetu kimefanya jambo la ajabu: neno risasi ni jina la ile zana iuayo, na ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu ambayo mvuvi huyafanya chubwi za mshipi wake. Ili tusichanganyikiwe, madini nitayaita madini ya risasi. Kile kipande kinachoruka kutoka katika mtutu nitakiita kichwa. Chombo cha shaba nyeupe au njano kinachobeba baruti na kushikilia kichwa ni ganda.

Basi, mwaka 1986 nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Moscow. Msicheke, si Moscow ya Warusi, ni mji mdogo wa jimbo la Idaho, wenye mashamba ya ngano na vilima. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu, fundi wa mashine za kukatia chuma. Alikuwa mwindaji wa paa wa huko, na pamoja na bunduki yake alikuwa na rivolva ya .357 Magnum, ya fremu kubwa, aliyoinunua ujanani. Risasi za dukani zilikuwa ghali kwa pensheni yake, kwa hiyo akaamua kujisubia vichwa. Akaniambia, “Wewe unasoma uhandisi. Nichagulie kalibu.”

Nililipokea jambo hilo kwa kiburi cha mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nikaketi na katalogi majuma mawili.

Hapa nieleze kidogo historia, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka. Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, kazi ya Smith & Wesson pamoja na Winchester. Ilikuwa ile .38 Special ya zamani iliyorefushwa ganda kwa sehemu ndogo tu ya inchi, kusudi isiweze kuingia katika rivolva dhaifu, kisha ikapewa nguvu nyingi zaidi. Vichwa vya kwanza vilikuwa vya madini laini ya risasi, na kwa mwendo ule vilipaka mtutu kama siagi ipakavyo kisu. Mkubwa wake, .44 Magnum, alizaliwa mwishoni mwa 1955 na kuingia madukani 1956. Aliyeupigia debe miaka mingi alikuwa Elmer Keith, mchunga ng’ombe na mwandishi aliyeishi mji wa Salmon, Idaho humo humo, akafariki 1984. Miaka michache tu kabla sijafika! Katika jimbo lile jina lake lilitajwa kama sisi tunavyowataja manahodha wa zamani.

Keith alibuni umbo la kichwa ambalo linatumika hadi leo: pua bapa, bega kali linalokata tundu safi, mikanda mitatu mipana ya kushika mtutu, na mfuo mpana wa kuwekea nta. Kampuni ya Lyman iliuza kalibu zake kwa namba. Namba hizo zina adabu yake, na vijana wa hisabati watazipenda. Chukua 429421. Tarakimu tatu za kwanza ni kipenyo, elfu 429 za inchi. Zinazofuata, 421, ni namba ya umbo. Hiyo ndiyo ya .44. Na hapo hapo mnaona kwamba jina linadanganya: kinachoitwa 44 ni .429 kwa kweli, na kinachoitwa 38 ni .357 au .358. Majina yalibaki ya enzi nyingine, vipimo vikaenda zake.

Kwa .38 Keith alikuwa na 358429, kichwa kizito cha pua ndefu. Mimi nikaona jina la Keith, nikaona Idaho, nikaona sifa zake katika kila ukurasa, nikasema hii ndiyo. Mzee akatoa fedha. Kalibu ikafika kwa posta, chuma kizuri cheusi, mipini ikanunuliwa mbali. Tukasubu vichwa mia moja, vinang’aa kama samaki wapya. Mzee akakipandisha kimoja katika ganda la Magnum, bila baruti, akabana mdomo wa ganda katika mfuo wake kama inavyotakiwa, akaingiza katika silinda.

Silinda haikuzunguka. Pua ilikuwa imechungulia nje kwa mbele, ikagonga fremu.

Ndugu zangu, kalibu haikuwa na ubaya wowote. Keith alikibuni kichwa kile kwa ajili ya ganda fupi la .38 Special. Ukikitia katika ganda refu la Magnum, katika rivolva yenye silinda fupi kama ile, kinazidi. Jambo hilo wapigaji wa siku nyingi walilijua vizuri. Angelijua pia mtu yeyote ambaye angechukua rula akapima urefu wa silinda, kisha akajumlisha urefu wa ganda na urefu wa pua juu ya mfuo wa kubania. Hesabu ya darasa la tano! Mimi nilikuwa nimefaulu kalkulasi, na sikuifanya.

Mzee hakunigombeza. Aliweka kalibu mezani, akafungua kisanduku chake cha mbao, akatoa maikromita, akasema, “Sasa tuanze upya, na bastola yenyewe itwambie inataka nini.” Jioni ile nilijifunza yale ninayotaka kuwaeleza, na nitayaeleza kwa utaratibu ule ule tulioufuata.

Alianza na koo za silinda. Rivolva ina matundu sita, na kila tundu kwa mbele lina sehemu nyembamba ambamo kichwa hupita kabla ya kurukia mtutu. Hiyo ndiyo koo. Tulichukua vipande vya madini laini ya risasi, vikubwa kidogo kuliko tundu, tukavipaka mafuta, tukavisukuma taratibu kwa kijiti cha mbao kwa kila koo, tukavipima. Matano yalilingana. La sita lilikuwa dogo kwa nusu ya elfu moja ya inchi. Unywele wa kichwani una unene wa kama elfu tatu za inchi. Sasa fikirini nusu ya elfu moja. Lakini maikromita iliiona, na baadaye tulipopiga shabaha, tundu lile ndilo lililotupa kando.

Kisha mtutu. Huko nako tulisukuma kipande, nacho kikatoka na alama za mifuo. Hapa kuna mtego ambao vijana wa ufundi wauandike daftarini. Mtutu ule ulikuwa na mifuo mitano. Mifuo ikiwa sita, kila mmoja una mwenzake upande wa pili, na maikromita inapima moja kwa moja. Ikiwa mitano, mfuo unatazamana na tuta, na ukipima kama ulivyozoea utapata jibu dogo kuliko ukweli. Mzee alikizungusha kipande polepole ndani ya mataya ya maikromita akitafuta penye upana wa juu, na hata hivyo akasema jibu hilo ni la kukisia. La kutegemea ni koo. Kichwa kinatakiwa kiijaze koo bila kulazimishwa, na koo isiwe ndogo kuliko mtutu. Ikiwa ndogo, kichwa hubanwa, kikifika kwenye mtutu kinapwaya, moto wa baruti hupenya pembeni na kuyayeyusha madini, na kazi yako ya jioni nzima ikawa ni kusugua mtutu. Watu wengi wakiona mtutu umepakwa hudhani kichwa ni laini mno, wakaongeza ugumu. Mara nyingi kosa ni kipenyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuza kalibu ni hili: inatoa kichwa cha kipenyo gani, na kwa mchanganyiko gani wa madini? Maana kalibu ile ile haitoi kipimo kimoja. Madini safi ya risasi yakipoa hunywea zaidi. Ukiyatia antimoni na bati hunywea kidogo, na kichwa kinatoka kinene zaidi. Wapiga chapa wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana madini ya linotype yalikuwa na antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4, herufi zitoke kali. Wasubu risasi wa siku zetu zile walitegemea zaidi vyuma vya kusawazishia magurudumu ya magari, ambavyo gereji ziliwapa bure. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, kwa kuwa Ulaya ilikataza vya risasi katika magari mapya tangu 2005 na California ikafuata 2010. Na zinki ikiingia katika chungu, madini hayajazi kalibu vizuri.

Ukisitasita baina ya kalibu mbili, chukua inayotoa kikubwa kidogo. Kichwa kikizidi, kuna kifaa cha kukipitisha kwa nguvu kikapungua hadi kipimo unachokitaka. Kikipungua, hakuna fundi atakayekiongeza. Fundi cherehani yeyote wa mtaani kwetu anaijua sheria hii, na kitambaa chake ni laini kuliko madini.

Uzito tuliuamua haraka. Rivolva ile ilikuwa imezoea vichwa vya greni 158, yaani gramu 10 na kidogo; ukiongeza uzito, kwa kawaida shabaha hupanda, na kama vilengeo ni vya kudumu huna la kufanya. Kwa .44 mazoea ni greni 240 hadi 250.

Tulipoteza jioni mbili tukibishana juu ya kitako. Kuna kalibu za kitako kitupu, na kuna za kitako chenye ngazi ndogo ambayo huvishwa kikofia cha shaba nyekundu, ili moto usikile kitako. Keith hakuvipenda vikofia hivyo. Alishikilia kwamba kichwa chenye kipimo sahihi na mchanganyiko mzuri hakivihitaji. Upande wa pili alikuwapo Ray Thompson, aliyebuni vichwa vya kikofia kwa ajili ya Lyman, kikiwamo 358156 cha .357, chenye mifuo miwili ya kubania badala ya mmoja. Mzee, kama mwana wa Idaho, moyo wake ulikuwa kwa Keith. Lakini vipimo vilikuwa mezani. Pua ya Thompson ni fupi, ikaenea katika silinda yetu na kubakiza nafasi. Mfuo wa pili ungetumika siku akitaka ganda la.38, na kwa bastola yenye koo moja isiyolingana na wenzake, kikofia kingesamehe makosa kidogo. Gharama yake ni kwamba vikofia vinanunuliwa, kila kichwa kimoja, na siku vikiadimika dukani umekaa. Maoni yangu mimi, baada ya miaka hii yote: mwenye rivolva ambayo vipimo vyake ni safi amfuate Keith, mwenye mashaka amfuate Thompson.

Kuhusu chuma cha kalibu sina mengi. Kalibu ya chuma huchelewa kupata moto, hukaa na moto, na hushika kutu ukiiacha kavu. Ya alumini ni nyepesi na rahisi, hupata moto upesi, lakini huumizwa na mkono mzito. Ya shaba ni nzuri kuliko zote na bei yake inajua hivyo. Matundu mawili yanamtosha mtu mmoja mwenye haki na mikono yake. Ile ya manne ya chuma ukiishika saa nzima utajua kwa nini mhunzi ana bega.

Tukanunua ya pili, ya Thompson. Ile ya kwanza mzee alimpa jirani mwenye rivolva ya .38 Special, nayo ikamfaa kabisa.

Sasa nifikie jambo ambalo katika hesabu zetu zote hatukulitia. Tulipima koo, tukapima mtutu, tukapima pua. Hatukupima chumba. Mzee alisubu jikoni, juu ya jiko la gesi, karibu na dirisha, akaoshea upawa katika karo la vyombo. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka mitatu, alikuwa akishinda pale na kuokota matone yaliyoganda chini ya meza. Aliyaita vifungo vya fedha.

Mwaka 1987 daktari alimpima damu kwa sababu nyingine, akauliza nyumbani hufanywa kazi gani. Kipimo kilikuwa maikrogramu 19 kwa desilita. Wakati ule mstari wa hatari wa serikali yao ulikuwa 25, uliowekwa 1985. Tukashukuru Mungu. Mzee, hata hivyo, alihamishia chungu katika kibanda cha nje wiki ile ile, akatupa zulia la jikoni, akawa anavua viatu na kunawa kabla ya kuingia ndani. Mwaka 1991 mstari ukashushwa hadi 10. Aliponipigia simu kunieleza, sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Hakuishi kuona 2012 ulipokuwa 5, wala 2021 ulipokuwa 3.5. Yule mtoto leo ni mama wa watoto wawili na tunaandikiana. Shule ilimwia ngumu. Hakuna daktari anayeweza kusema kwamba sababu ni vile vifungo, na hakuna anayeweza kusema kwamba sivyo, na babu yake aliondoka na swali hilo.

Watu hudhani hatari ni moshi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi, na msubu hufanya kazi si mbali sana juu ya hapo. Kwa joto hilo mvuke wake ni kidogo. Kinachoumiza ni lile jivu la kijivu linaloelea juu, ukilikwangua likawa vumbi, likakaa mikononi, mezani, katika nguo, likaingia kinywani. Watoto ndio walipaji wakubwa. Hatari nyingine ni maji: tone moja likizama ndani ya chungu hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni.

Wazee wa Mombasa hapa hawahitaji kuelezwa. Wanakumbuka Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014 baada ya watu wengi, watoto miongoni mwao, kukutwa na madini haya katika damu. Na ninyi vijana mnaotoka vijiji vya uvuvi, mnajua kaka zenu wanatoa wapi madini ya chubwi. Wanavunja betri, wanayeyusha katika sufuria nyuma ya jiko la mama, wanamimina katika mchanga wenye unyevu. Betri ndiyo mbaya zaidi, maana masalio yake yanaweza kutoa gesi za sumu. Nimeyaona hayo mwezi uliopita, nyumbani kwa dada yangu, na sufuria ile ilikuwa na masizi ya juzi ya maharage.

Kwa hiyo nimekwenda kwa fundi wa hapa mjini, nikamchorea kalibu ya alumini ya chubwi, matundu manne, yenye mipini ya mbao. Imekwisha kuchongwa. Nimemwomba mwalimu wa ufundi aiweke karakana, na wavuvi waje na madini yaliyokwisha kusafishwa wasubu pale, nje, chini ya ule mwembe, wakiwa na kinga za macho, na maji ya kunawa yakae mbali na chungu. Mwenyekiti ameniambia chama kitanunua chungu. Nasema mbele ya mashahidi.

Ile maikromita ya mzee, ambayo aliniachia, nimemkabidhi mwalimu wa Fizikia asubuhi hii. Ni ya inchi. Vijana itawabidi wageuze vipimo wenyewe.